Kawa Juu ya Dadu

"Kizito, toa kikombe chako juu ya mnara. Kuna watu wanafanya kazi hapo."

Kizito akacheka, akakiondoa. Chini ya kikombe walinzi wawili wa nuru, kila mmoja na kimo cha kidole gumba, walikuwa wamejikinga vichwa kwa mikono. Mwanga uliporudi wakatazamana, wakaendelea na doria. Mmoja alikuwa akitazama juu kila baada ya hatua mbili tatu. Ndivyo ilivyo meza ile ya umeme, inayoumba watu kwa mwanga. Ukimtisha mtu wake leo, Jumamosi ijayo bado anakumbuka, na haamini mbingu tena.

Mimi ndiye mwenye meza. Mchezo wetu ni hivi: kila mchezaji ana mtu wake, mwizi au mpelelezi au chochote atakacho, na wote wanataka kuingia mji wa Zumaridi ambao umezungushiwa ukuta na una walinzi kila lango. Kazi yangu ni kuwasimulia wanachokiona, na mambo yakifika pa mashaka, natupa dadu. Zikija kubwa umepita, zikija ndogo umekwisha.

Meza ilikuja na dadu zake za umeme. Nikawaambia walioileta wazirudishe walikozitoa. Zangu ni mbili, za pembe ya ng'ombe, alizozichonga marehemu mume wangu. Nazitupa ndani ya sinia la bati juu ya kigoda, mbele ya macho ya kila mtu, kisha naitamkia meza kilichotua. Meza inaona kilicho juu yake tu. Ya pembeni inayasikia kinywani mwangu. Zikitua zimetua. Mwalimu Nyangasa mtu wake ameshauawa mezani kwangu mara mbili, na mara ya pili alininunia mwezi mzima kama mke mwenza, wala sikumrudishia uhai. Watu husema Mwantumu ana mdomo, ana kiburi, ana kila kitu, lakini hakuna aliyewahi kusema Mwantumu kaficha dadu.

Walioileta meza ni watu wa Kisima. Kisima ndio mji wa kweli, uko juu ya kilima, unaonekana kutoka uani kwangu. Ndani yake kuna maji, kuna kivuli, kuna hospitali. Nje tupo sisi. Kila mtu wa Nje anavaa kikuku mkononi. Ndicho kinachofungua bomba la maji, na ndicho kinachosikia. Walisema kinasikia ili mgonjwa akipiga kelele apelekewe msaada. Sawa, tukasema ahsante, na tangu siku hiyo tukajifunza kuzungumza kwa nyusi na vidole. Mtoto wa Nje anajua kukonyeza kabla hajajua kuhesabu.

Meza ilipokuja tulifurahi. Burudani ya bure kwa watu wa Nje, walisema, ili msichoke. Na mwenye meza anaongezewa maji. Nani angekataa?

* * *

Jumamosi hiyo Kizito alikuja na masizi mpaka masikioni. Yeye husukuma mkokoteni wa mkaa hadi lango la Kisima, anapokelewa hapo hapo, anarudi.

"Da Mwantumu, wamekuwa wehu kule langoni," alisema huku akichota kaimati mbili kwa mpigo. "Wameleta mabambo. Yale machuma ya kuchomea magunia ya mahindi. Kila gunia la mkaa wanalichoma, chubwi, chubwi! Mkaa wangu wote umekuwa vumbi."

"Wanatafuta nini ndani ya mkaa?" akauliza Mwalimu Nyangasa.

"Mtu! Ati mtu anaweza kujificha." Kizito akacheka. "Kama mimi nilivyoingia Zumaridi mwezi uliopita. Mnakumbuka?"

Tulikumbuka. Alikuwa amemkunja mpelelezi wake ndani ya gunia la mkaa, dadu zikaja sita na tano, akapita, tukapiga makofi.

Nikasimama na birika mkononi, sikumimina.

Kabla ya mkaa, Mwalimu Nyangasa aliingia Zumaridi pamoja na kwaya ya sikukuu, akifungua na kufumba mdomo tu. Alipita. Na mwezi huo huo, kwenye lango la Kisima la kweli, kwaya ya Nje iliyokwenda kuimba sikukuu ilisimamishwa, wakaimbishwa mmoja mmoja. Tulivunja mbavu kwa kucheka, tukasema watu wa Kisima wamekosa kazi. Lakini Kizito alipojaribu kupenya kwenye mfereji chini ya ukuta, dadu zilimkatalia. Mfereji wa kweli upo mpaka leo, mbuzi wanaingia na kutoka.

Meza huwapelekea watu wa Kisima njia iliyofaulu, nao wanaifunga. Kilichoshindwa haina habari nacho.

Yarabi! Miaka yote tunachunga ndimi zetu mbele ya kikuku, kumbe kila Jumamosi tunakaa hapa na chai na kaimati, tunawafundisha wenyewe kuziba matundu yao. Tena kwa vigelegele. Tuliona ni mchezo tu, na mtu wa Nje hajui kuuogopa mchezo.

Nilimimina chai. Nikamkaripia Kizito kwa kumaliza kaimati, maana ndiyo kawaida yangu na kikuku kinaijua.

"Leo naingia mimi," akasema Mama Hidaya.

Wote tukamgeukia. Mama Hidaya ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mtu wake mezani ni mfinyanzi anayekaa nje ya lango la Zumaridi akiuza vyungu na kuwasengenya walinzi. Hajawahi kujaribu kuingia, kazi yake kutuchekesha. Siku hiyo hakuwa na uso wa kuchekesha.

Nilijua kwa nini. Binti yake Hidaya aliolewa Ndani, huko Kisima. Mimba ya kwanza ilimtoka akiwa peke yake na mashine ya hospitali inamwambia apumue. Sasa ana nyingine, na mwezi umetimia. Mama Hidaya aliomba kibali cha kwenda kumwangalia mwanawe. Akajibiwa kwamba uzazi unashughulikiwa na hospitali. Hiyo ndiyo lugha yao. Mzazi wa kwanza hana mama wa kumkanda, hana wa kumpikia uji, hana wa kumshika kichwa akipiga kelele, na wao wanasema unashughulikiwa.

"Unaingiaje, Mama?" Kizito akauliza. "Kwa ngazi?"

"Ngazi ya nini? Naingia na harusi."

Alhamisi inayofuata binti wa Bi Shufaa, nyumba ya nne kutoka kwangu, alikuwa anaolewa Ndani. Hina ilikwisha kuchemshwa.

"Bibi harusi wa Nje ana kibali," akaendelea Mama Hidaya, macho yake yako kwangu, si mezani. "Wanawake wanamsindikiza mpaka langoni. Lakini somo wake anaingia naye. Anakaa naye fungate yote, siku saba, anamfunda, anamwandalia, kisha anatoka. Mimi ndiye somo."

"Na kibali cha somo?" Mwalimu Nyangasa akauliza. Huyu mzee anapenda kanuni kuliko chakula.

"Somo hana kibali. Somo haandikwi jina. Mlinzi gani atamuuliza somo anakwenda kufanya nini?"

Ukweli mtupu. Hidaya alipoolewa, somo wake aliingia naye hivyo hivyo, na hakuna aliyeuliza. Waliotunga sheria za lango walihesabu magunia, madumu na magurudumu. Somo hawakumhesabu kwa sababu wanaume wale waliona haya hata kulitaja jambo lenyewe kwenye kikao.

Mezani msafara wa nuru ulikwisha kuanza kupanda kilima cha Zumaridi, wanawake wadogo kama punje, na mfinyanzi wa Mama Hidaya katikati ndani ya buibui. Mlinzi wa lango akanyoosha mkono. "Huyu nani?" kisauti chake kikauliza. Mwanamke mmoja wa nuru akamjibu maneno ambayo sikuyasikia. Mlinzi akajikuna shingo. Hakujua la kufanya, na meza nayo haikujua. Ukingo wake ukawaka njano. Hapo inataka dadu.

"Tupa, mwenzangu," Mama Hidaya akasema taratibu. "Mezani kwako zikitua zimetua. Ndiyo maana mimi nakuamini wewe kuliko hata ndugu zangu."

* * *

Naomba mnielewe nilipokuwa.

Dadu zikija kubwa, na mimi nikasema kubwa, kabla ya Alhamisi somo wa binti wa Bi Shufaa atasimamishwa langoni. Si Mama Hidaya peke yake. Kila bibi harusi wa Nje tangu siku hiyo ataingia kwa watu baki hana hata mkono wa mwanamke mwenzake wa kuushika.

Nikisema ndogo, tundu litabaki wazi. Lakini Mama Hidaya ataamini. Huyu mwanamke hakuja kucheza. Amekuja kuuliza, na jibu langu ndilo pekee analoliamini. Nikimwambia hapiti, atakaa nyumbani kwake alie, na Hidaya ajifungue peke yake, kama alivyopoteza ile mimba ya kwanza.

Kumwambia faragha? Wapi? Kikuku kiko mkononi mwake na mkononi mwangu. Na kule langoni, nilimfikiria mlinzi pia. Hao nao ni watoto wa watu. Akibainika amepitisha mtu, anatolewa Nje yeye na wanawe. Na maji ya Kisima yana kiasi, hilo si uongo. Mgeni wa siku saba anakunywa kikombe cha nani? Sikujua, na mpaka leo sijui. Nilijua tu kwamba Hidaya alizaliwa mikononi mwangu, uani kwa mama yake, na kwamba alikuwa anaogopa.

Ukingo wa meza uliendelea kuwaka.

Nikazirusha dadu ndani ya sinia. Na kabla hazijatulia nikalinyakua kawa lililokuwa limefunika kaimati, nikalifunika sinia.

Kawa langu ni la ukindu, jekundu na jeusi, nimelisuka mwenyewe. Linafunika chakula, na hata siku moja halijafunika dadu. Chini yake zikagonga bati, zikanyamaza.

Kizito alibaki na kaimati nusu mdomoni. Mama Hidaya alinitazama, akalitazama kawa, akanitazama tena.

Mwalimu Nyangasa, na kanuni zake, akafura. "Lakini Bi Mwantumu, mbona um..."

Kaimati nzima ikaingia mdomoni mwake. Ilikuwa ni mkono wa Mama Hidaya. "Kula, Mwalimu," akasema. "Leo zimekolea sukari."

Hapo nikajua amenielewa. Mwantumu kaficha dadu, basi Mwantumu atadanganya. Atasema ndogo, na ukweli ni kubwa. Njia ipo.

Nikainua ukingo wa kawa upande wangu, nikachungulia.

Moja na mbili.

Sikuamini. Nikachungulia tena. Moja na mbili, zimekaa zinanitazama kama macho ya maiti. Hakuna kutua kubaya kuliko huko ila moja na moja.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kusema uongo kwa mara ya kwanza maishani mwangu kwenye meza ile, na dadu za mume wangu zikaniepusha nao. Nilichotakiwa kusema na kilichotua ni kimoja. Lakini kawa lilikwisha kusema la kwake. Nikilifunua, wote waone, Mama Hidaya atajua kwamba dadu zimemkatalia, atabaki nyumbani salama. Nikiliacha, atakwenda langoni akiamini dadu zimemkubali, na hazikumkubali.

Mtu wa nje ya mchezo ataniambia, dadu ni pembe ya ng'ombe tu, zinajua nini? Huyo hajazitupa miaka yote niliyozitupa mimi. Nimeziona zikiwaua watu waliostahili kuishi na kuwaokoa wapumbavu, na kila mara nilisema amina. Nilizitii hata ziliponiumiza. Sasa zimesema hapana, na shingo ya jirani yangu iko katikati.

Kidole changu kilikuwa bado chini ya ukingo wa kawa. Nilimtazama Mama Hidaya. Machozi yalikuwa yamejaa, lakini hayakuwa ya huzuni.

Nikalishusha kawa.

"Moja na mbili," nikaiambia meza. "Somo amegunduliwa. Amefukuzwa."

Juu ya meza mlinzi akamsukuma mfinyanzi, akaanguka, akafifia. Ukingo ukazimika. Mama Hidaya akalia kwa sauti, ya vikuku kusikia, akasema, "Basi jamani, nimeshindwa, nimeshindwa mimi." Alilia vizuri mno, mpaka Kizito naye akaanza kufuta macho ya kweli.

Alipoondoka aliuliza kama anaweza kuazima kawa langu. Ana shughuli Alhamisi.

* * *

Siku nne zile sikula nikashiba. Mara mbili nilikwenda hadi ukutani kwake nimwonyeshe kwa vidole, moja, mbili, abaki. Mara zote mbili nilimkuta anakunja nguo za mtoto, ndogo, za zamani, alizozivaa Hidaya mwenyewe. Nikarudi.

Alhamisi nikasindikiza. Tulipanda kilima kwa vigelegele na matarumbeta, bibi harusi katikati kajifunika, na nyuma yake somo ndani ya buibui, sinia kichwani, kawa jekundu na jeusi juu ya sinia. Jua lilikuwa linachoma. Langoni walisimama walinzi wanne. Aliyetangulia alikuwa kijana, jasho linamtiririka kwenye kola.

Alisoma kibali cha bibi harusi. Akanyoosha mkono.

"Huyu nani?"

Nilishika bega la mtu, sijui la nani. Moja na mbili, moja na mbili, ndiyo dua pekee niliyokuwa nayo mdomoni.

Bi Shufaa, mama wa bibi harusi, akajisogeza mbele, mikono kiunoni. "Huyo somo. Au unataka nikueleze kazi ya somo hapa njiani, mwanangu, mbele ya wakweo?"

Wanawake wakaangua kicheko na vigelegele juu. Kijana akajikuna shingo, vile vile kabisa kama yule wa nuru. Meza ilikuwa imemjua vizuri. Akawatazama wenzake, wenzake wakatazama pembeni. Akasogea.

Kawa likapita chini ya tao, likapinda kona, likapotea.

Sikufurahi. Naogopa kusema hivyo, lakini ndivyo. Nilikaa chini kwenye changarawe nikalia kama mfiwa, na wanawake wakadhani ni kwa ajili ya bibi harusi.

* * *

Jumamosi iliyofuata baada ya fungate, nilikuwa napanga vikombe, wengine hawajaja, Mama Hidaya akaingia. Alikuwa amekonda na macho mekundu ya kukosa usingizi. Mkononi alikuwa na kawa langu, na kawa limefunika kitu. Sisi chombo cha watu hakirudi kitupu.

Akaliweka mbele yangu, akalifunua. Bakuli la uji wa pilipili manga. Uji wa mzazi. Huo haupikwi ila mtu amejifungua.

"Habari za kwako?" nikamuuliza, kwa ajili ya vikuku.

"Nzuri tu. Nilikuwa naumwa kidogo, nimelala wiki nzima." Huku mikono yake inaniambia: wa kike. Akaonyesha urefu, akaonyesha mashavu. Kisha akakunja mikono kifuani, akaibembeleza hewa, na nikaelewa kwamba Hidaya alimshika mkono usiku kucha na hakuuachia.

Tukalia kimyakimya. Kisha akalitazama sinia, na dadu ndani yake, na akainua nyusi. Zilikuwa ngapi siku ile? Tano na sita? Sita na sita?

Ningeweza kumpa sita zote alizozitaka. Angeniamini. Lakini kawa lilishamdanganya mara moja kwa niaba yangu, na sikuwa na uongo mwingine wa kumpa. Nikainua kidole kimoja. Kisha viwili.

Akatabasamu, anadhani namtania. Nikarudia. Moja. Mbili.

Tabasamu likamwishia usoni taratibu. Nikaona hasira ikija, na haki yake, nikaona akipanda tena kilima kile kichwani mwake, hatua kwa hatua, na jua, na mkono wa yule kijana, sasa akijua. Nilingoja kofi, na ningelipokea.

Huko nje Kizito alikuwa akimcheka Mwalimu Nyangasa, wanakuja.

Mama Hidaya akazichukua zile dadu za mume wangu, akazirudisha ndani ya sinia moja moja, akalifunika sinia kwa kawa kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akausukuma uji kwangu.

"Kunywa, mwenye meza," akasema kwa sauti. "Unapoa."